Nywele za kipilipili hukatika kwa ukavu

WANAWAKE wengi hulalamika kuwa nywele zao za kipilipili hazirefuki. Ukweli ni kwamba hurefuka, karibu sentimita moja kwa mwezi, ila hukatikia nchani kabla urefu huo haujaonekana.

Unywele wa aina hii huota katika kitundu kilichopinda, ukatoka ukiwa umejikunja. Mafuta ya ngozi ya kichwa, ambayo huteleza kwa urahisi kwenye nywele za singa, hukwama mikunjoni na kuziacha ncha kavu. Kuzichana zikiwa hivyo ni sawa na kuzikata. Zilowanishwe kwanza, zipakwe mafuta ya nazi, kisha zichanwe kwa chanuo lenye meno yaliyoachana, kuanzia nchani kuelekea shinani.

Hatari kubwa zaidi imo katika misuko ya kukaza. Maumivu baada ya kusukwa, ambayo wengi huyaona kuwa ada ya urembo, pamoja na vipele vya pembezoni mwa paji la uso, ni dalili kuwa mashina yanavutwa kupita kiasi. Msuko ukifumuliwa mapema, nywele huota tena. Mvuto ukiendelea kwa miaka, vitundu hugeuka makovu, na upara huo hauondolewi na mafuta yoyote.