Uyoga wa Porini: Jua Mmoja kwa Yakini, Mwingine Uache

Anayetaka kujifunza kuchuma uyoga wa porini huanza kwa kuuliza: upi unaliwa? Swali hilo ni zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: upi ninaoujua kwa yakini? Baina ya maswali hayo mawili ndipo unapopita mpaka wa familia iliyokula mboga tamu ikamshukuru Mola wake, na familia iliyokimbiza watoto hospitali usiku wa manane.

Kwetu Ngara na Biharamulo jambo hili si la nadharia. Mvua za vuli zikishika, na tena zile za masika, uyoga huchomoza kwenye vichuguu, chini ya miyombo ya Biharamulo, kwenye nyasi za vilima vya Ngara na hata nyuma ya nyumba zetu. Ni riziki isiyolimwa wala kununuliwa, na kwa mama asiye na fedha ya nyama siku hiyo, kikapu cha uyoga ni kitoweo kamili. Aghalabu wanaotumwa kuuchuma ni watoto, hasa mabinti. Kwa hiyo elimu yake ni sehemu ya malezi, kama ilivyo elimu ya kuwasha moto na kuteka maji.

Hukumu yake na tahadhari moja

Kwa upande wa Sharia, asili ya vyakula vinavyotoka ardhini ni uhalali, isipokuwa kile chenye kudhuru au kulevya. Uyoga mzuri ni halali bila shaka. Uyoga wenye sumu ni haramu kwa sababu ya madhara yake, kwani Muislamu amekatazwa kuiangamiza nafsi yake. Na ule usiojulikana kama ni huu au ni ule, kanuni yake tunaifahamu tangu madrasa: chenye shaka huachwa, hufuatwa kisicho na shaka.

Hapa pana jambo linalohitaji ufafanuzi. Baadhi yetu tumewahi kusikia Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Said bin Zayd (R.A), ambamo Mtume (S.A.W) aliisifu kam'a, akaihusisha na manna, na akataja faida ya maji yake kwa macho. Wapo wanaoifasiri kam'a kuwa ni uyoga, kisha wakadhani kila uyoga una baraka hiyo. Kam'a ni jamii mahususi. Huota chini ya mchanga wa jangwa, Bara Arabu, Iraq na Afrika ya Kaskazini, na umbo lake ni kama kiazi kidogo, bila kofia wala shina. Uyoga wetu wa Kagera si huo. Asije mtu akakamua uyoga wa porini na kumtia mtoto machoni kwa kudhani anafuata Sunna.

Elimu ya uyoga haihami pamoja na mtu

Wilaya zetu ni wilaya za watu waliotoka sehemu nyingi. Pamoja na Wahangaza, Washubi na Wasubi, wapo Wahaya, Wasukuma, Waha na wengineo waliokuja kulima, kufuga na kufanya biashara. Ngara ndiyo iliyopokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliovuka Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994. Kila jamii huja na ujuzi wake wa uyoga, na kila jamii ina uyoga inaouita mtamu ambao jirani yake haugusi.

Ujuzi huo ni hazina, lakini una mpaka. Uyoga unaoujua kwenu huweza kuwa na pacha ugenini, naye pacha akawa muuaji. Mwaka 2015 nchini Ujerumani, wakimbizi wengi, wakiwamo Wasyria, walilazwa hospitalini kwa kula uyoga ambao kwa macho yao ulifanana na ule wa kwao. Chuo cha Tiba cha Hannover kililazimika kutoa maonyo kwa lugha kadhaa, Kiarabu ikiwamo. Watu wale hawakuwa wajinga wa uyoga. Walikuwa na elimu ya mahali pengine.

Mpaka huu unaweza kutukuta hata bila sisi kuhama, kwa sababu miti nayo huhamishwa. Misonobari iliyoletwa Afrika kutoka nje ilikuja na aina za uyoga zinazoishi na mizizi yake. Ule mwekundu wenye madoa meupe, ambao watoto huuona katika vitabu vya picha, umefuata misonobari hadi kusini na mashariki mwa Afrika, nao una sumu. Bibi aliyeujua msitu wa miyombo maisha yake yote hakufundishwa na mamake uyoga wa chini ya msonobari, maana siku hizo msonobari haukuwapo. Basi anayeanza asichume kabisa kwenye mashamba ya miti ya kigeni.

Majirani zetu wa Burundi wana neno linalofaa kukumbukwa. Mwaka 1994 mtaalamu Bart Buyck alichapisha kitabu kuhusu uyoga unaoliwa magharibi mwa Burundi, akakiita *Ubwoba*, yaani uyoga kwa Kirundi. Likiandikwa, neno hilohilo ndilo hofu. Mwanafunzi wa uyoga akiziweka maana hizo mbili pamoja hatapotea.

Anza na uyoga wa kichuguu

Ushauri wangu kwa familia ni huu: msimu wa kwanza jifunzeni aina moja tu, na iwe ile ya kichuguu. Wataalamu huuita *Termitomyces*. Sababu ya kuuchagua ni kwamba unaweza kuthibitishwa kwa jembe.

Mchwa wa vichuguu ni wakulima. Hukusanya majani makavu na vipande vya miti, wakavitafuna na kuvijenga ndani ya kichuguu kama masega, kisha wakaotesha humo kuvu ndio chakula chao. Mvua zikinyesha vya kutosha, kuvu hiyo husukuma uyoga kutoka chini kabisa hadi juu ya ardhi. Kwa hiyo uyoga wa kichuguu una mkia mrefu kama mzizi, unaoshuka kutoka kwenye shina hadi ndani ya kiota cha mchwa. Kofia yake kwa kawaida ina ncha ngumu katikati, maana ndiyo iliyotoboa udongo.

Nimepata kumwona bibi mmoja wa Ngara akiwafundisha wajukuu zake. Walipomuuliza anaujuaje uyoga wake, hakujibu kwa maneno. Alichukua jembe la mkono, akachimba taratibu kandokando ya shina, akaufuata mkia kwenda chini mpaka mchwa wakaonekana. Hapo ndipo akaukata na kuutia kikapuni. Uyoga wa pili mkia wake ulikoma karibu tu na uso wa ardhi. Akauacha palepale, ingawa ulikuwa mkubwa na mweupe kuliko wa kwanza.

Hilo ndilo somo lenyewe. Kuota juu ya kichuguu pekee si ushahidi, kwa kuwa aina nyingine huweza kuota hapo pia. Ushahidi ni mkia unaofika kwa mchwa. Ipo jamii ndogo ya uyoga wa mchwa, wenye kofia zisizozidi ukubwa wa sarafu, unaoota kwa mamia kama mchele uliomwagika na usio na mkia huo. Ni mtamu na hupendwa sana, lakini mwanafunzi asiuchume mpaka aoneshwe na mzoefu kwa mkono wake.

Namna ya kuuchunguza

Uyoga usivunjwe shina. Ung'olewe mzima pamoja na kitako chake, kwani alama ya hatari kubwa kuliko zote hukaa chini ya udongo. Kisha utazamwe sehemu nne.

Ya kwanza ni kitako. Kikiwa kimekaa ndani ya kifuko au kikombe cheupe, mfano wa yai lililopasuka, uache. Hiyo ni alama ya jamii iitwayo *Amanita*, ambamo wamo wauaji wakubwa duniani. Ni kweli kwamba katika misitu ya miyombo wapo ndugu wa jamii hiyo wanaoliwa, na wenye uzoefu huwatambua. Hapo si mahali pa mwanafunzi.

Ya pili ni shina. Likiwa na pete, yaani utando uliozunguka kama ukosi, uache.

Ya tatu ni chini ya kofia. Humo mna vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Kurasa za uyoga wa kichuguu huwa nyeupe, kisha huelekea rangi ya waridi unapokomaa. Zikiwa na rangi ya kijani, uache.

Ya nne ni vumbi la mbegu zake. Kata kofia, ilaze kifudifudi juu ya karatasi, ifunike kwa bakuli, uiache usiku kucha. Asubuhi utakuta vumbi limeandika alama. La uyoga wa kichuguu ni la rangi ya waridi. La *Amanita* ni jeupe. La kijani ni la uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, unaopenda nyasi za karibu na nyumba katika nchi za joto. Ukiwa mchanga, kurasa zake ni nyeupe, na hapo ndipo unapowahadaa wengi. Huo husababisha kutapika na kuhara sana saa chache baada ya kuliwa.

Zinazobaki ni adabu za mchumaji. Tumia kikapu badala ya mfuko wa plastiki, maana uyoga huoza upesi kwa joto. Usichume kando ya mashamba ya pamba au tumbaku yaliyonyunyiziwa dawa. Usiingie Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na kwa msitu wa hifadhi uliza kwanza kwa viongozi wa kijiji au maofisa wa misitu. Pika siku hiyohiyo, pika hadi uive kabisa, wala usichanganye aina mbili katika sufuria moja. Anayekula kwa mara ya kwanza ale kidogo, kwa kuwa matumbo mengine hukataa hata uyoga mzuri. Kula kidogo si kipimo cha sumu: katika aina za mauti, uyoga mmoja humwua mtu mzima.

Hadaa zilizozoeleka

Zipo kanuni za mitaani ambazo zimeua watu. Husemwa kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au konokono ni salama. Si kweli, viumbe hao huweza kula kinachomwua binadamu. Husemwa kwamba kitunguu saumu au kijiko cha fedha hubadilika rangi sufuriani penye sumu. Si kweli. Husemwa kwamba kuchemsha kwa chumvi, kuanika juani au kumenya ngozi ya kofia huondoa sumu. Sumu ya *Amanita* ya mauti haiondoki kwa moto wala kwa jua. Wala tusidanganywe na ladha: walionusurika wameeleza kuwa uyoga ule ulikuwa mtamu.

Sumu inayokupa muda wa kujidanganya

Kila mzazi na aihifadhi sehemu hii. Sumu nyepesi huonekana mapema, ndani ya saa moja hadi tatu. Sumu ya mauti huchelewa. Mtu hula jioni, akalala vizuri, na baada ya saa sita hadi ishirini na nne ndipo hutapika na kuhara. Kisha hali hutulia. Mgonjwa huketi, huomba uji, na nyumba nzima husema alhamdulillahi, amepona. Kumbe muda huo ini linaharibiwa. Siku ya tatu au ya nne macho huwa ya manjano, na mara nyingi msaada huwa umechelewa.

Kwa hiyo anayeumwa baada ya kula uyoga apelekwe hospitali papo hapo, na waliokula naye waende pamoja hata kama hawajaumwa. Nafuu isiwarudishe nyumbani. Bebeni masalia ya chakula na uyoga mbichi mmoja uliobaki. Ndiyo maana ni desturi njema kutenga mmoja kabla ya kupika. Msipoteze muda kwa maziwa, mafuta ya mawese wala mkaa.

Tuandike kabla wazee hawajaondoka

Mwaka 2003 wataalamu Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kikubwa cha uyoga wa Tanzania. Elimu yao haikutoka maabara peke yake. Walitembea na wanavijiji, hasa wanawake, wakauliza majina na matumizi, wakaandika. Kazi hiyo kila familia inaweza kuifanya kwa eneo lake. Chukueni daftari la shilingi chache. Mwombeni bibi, shangazi au jirani mzee wa hapohapo mnapoishi awatembeze msimu huu. Andikeni jina analoutumia, mahali ulipoota, mti uliokuwa karibu, rangi ya kurasa, rangi ya vumbi, na mwezi. Aina moja msimu huu, ya pili msimu ujao. Kuuliza si ujinga.

Na mtoto akirudi na kikapu kitupu kwa sababu hakuwa na hakika, asikaripiwe wala kuchekwa mbele ya wenzake. Asifiwe, apikiwe maharage, aambiwe kwamba amefanya kazi ya mtu mzima. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kikapu kitupu atakijaza siku inayofuata, na huenda asichague.

Wabillahi tawfiq.