Mbwa Atangulie Tiketi
Anayehamia Ulaya na mbwa kutoka Kenya au Tanzania aanze kwa daktari wa mifugo, si kwa wakala wa ndege. Mbwa huwekewa chipu, kisha huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Zikipita siku 30, damu yake hutolewa na kupimwa katika maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya. Kinga ikitosha, husubiri miezi 3 tangu damu ilipotolewa. Wengi hulalamika: kinga imeshaonekana, ya nini kungoja? Ni kwa sababu chanjo haimponyi mnyama aliyekwisha kuambukizwa, na virusi hivi huweza kujificha mwilini kwa miezi kabla ya dalili. Urasimu, nadhani, uko kwingine: chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, hata kama mbwa ni yuleyule.