Picha na Makaratasi Yakipotea kwenye Simu: Ufanye Nini Kabla ya Kwenda Kampala



Wengi wetu tuliingia Uganda na mfuko mmoja tu. Picha za wazazi, vyeti vya shule, karatasi za hospitali na sauti za ndugu tulioachana nao vilikuja ndani ya simu, memori kadi au flashi. Kifaa hicho kikiharibika, familia huchanga nauli na simu hupelekwa kwa mafundi wa Kampala. Mara nyingi inarudi inawaka vizuri, lakini haina kitu ndani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba picha nyingi zingeweza kupatikana. Zilipotea kwa sababu ya yale tuliyoyafanya wenyewe kabla ya kupanda basi. Kwa hiyo soma taarifa hii sasa, simu yako ikiwa bado nzima.

PICHA IKIFUTWA INAKWENDA WAPI?

Fikiria daftari la viwanja hapa kambini. Jina la mtu likikatwa kwenye daftari, nyumba yake haianguki siku hiyohiyo. Inabaki imesimama mpaka kiwanja kipewe mtu mwingine, naye aibomoe na kujenga yake.

Memori kadi na flashi hufanya kazi vivyo hivyo. Ukifuta picha, kadi hukata jina lake kwenye orodha tu. Picha yenyewe bado ipo. Hata kufomati kwa haraka, mara nyingi, ni kuanza daftari jipya tu. Lakini ukipiga picha mpya au ukipokea video, kadi huona pale pana nafasi na kuandika juu yake. Hapo picha ya zamani haipatikani tena, hata kwa fundi mkubwa.

Mimi mwenyewe nilikosea hivyo. Nilifuta kwa bahati mbaya picha za mama yangu pamoja na picha ya cheti changu cha sekondari. Badala ya kutoa kadi, niliendelea kupiga picha za mkutano wa vijana kwa siku mbili. Fundi alipata karibu nusu. Pale pa cheti palikuwa tayari na picha za mkutano.

UFANYE NINI MARA MOJA?

1. Acha kutumia kifaa hicho. Usipige picha, usipakue kitu, usiingize programu mpya ndani yake.

2. Kama ni memori kadi, zima simu, toa kadi, ifunge kwenye karatasi kavu na kuiandika jina.

3. Simu au kompyuta ikiuliza kama ifomati kadi, jibu HAPANA.

4. Angalia pipa la taka la programu ya picha. Katika simu nyingi picha iliyofutwa hukaa humo siku 30 kabla ya kuondolewa kabisa, na katika Google Photos hufika siku 60 kama ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti yako.

5. Waulize ndugu na marafiki. Picha uliyomtumia shangazi kwa WhatsApp huenda bado iko kwenye simu yake. Njia hii haina gharama, nayo imesaidia watu wengi.

SIMU IKIINGIA MAJI

Izime na usiijaribu kuiwasha. Usiichaji kamwe, kwa sababu umeme ukikutana na maji ndipo huunguza. Toa laini, memori kadi, na betri kama inatoka. Ifute kwa kitambaa, uiache mahali penye hewa. Kuifukia ndani ya mchele hakusaidii. Vumbi la mchele huingia kwenye matundu. Ipeleke kwa fundi mapema, kwa maana kutu huanza upesi.

FUNDI ANAWEZA KUFANYA NINI?

Kampala ina mafundi wengi wenye ujuzi, hasa katikati ya mji, kama kwenye jengo la Mutaasa Kafeero ambako simu huuzwa na kutengenezwa. Lakini ni vizuri ujue kinachowezekana na kisichowezekana, usije ukalipia ndoto.

Memori kadi au flashi iliyofutwa: Inawezekana mara nyingi. Kuna programu za bure kama PhotoRec, ambayo haitegemei orodha. Inapita kadi nzima ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Kila kinachopatikana lazima kiwekwe kwenye kifaa kingine, wala si kwenye kadi ileile.

Flashi iliyovunjika kichwa: Huenda ikawezekana. Fundi anaweza kuunga upya nyaya ndogo, anakili vilivyomo, kisha flashi hiyo itupwe.

Simu iliyokufa skrini: Inawezekana mara nyingi. Skrini ikibadilishwa, vitu vyako viko palepale. Mwambie fundi wazi: "Usifute kitu."

Simu iliyorudishwa katika hali ya kiwandani: Hapa usidanganyike. Simu zilizotoka na Android 10, ya mwaka 2019, au za baadaye hufunga kila kitu kwa ufunguo ulio ndani ya simu yenyewe. Ikirudishwa kiwandani, ufunguo huo hufutwa. Anayekuahidi kurudisha picha zilizokuwa ndani yake anataka fedha zako tu. Kilichobaki ni nakala ya kwenye akaunti yako, kama ipo, na memori kadi ikiwa haikufutwa.

Diski ngumu ya kompyuta inayogonga "tak-tak": Zima mara moja. Sehemu inayosoma huenda inakwaruza diski. Isifunguliwe mezani, maana chembe moja ya vumbi yatosha kuiharibu. Lakini tumaini lipo. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivunjika angani tarehe 1 Februari 2003. Diski moja ilipatikana chini ikiwa imeungua, na wataalamu waliweza kusoma karibu vyote vilivyokuwamo. Kazi ya namna hiyo huhitaji chumba maalumu na ni ghali sana.

JIHADHARI UNAPOACHA SIMU YAKO

- Kubaliana bei kwanza. Uliza: "Usipopata kitu, nitalipa kiasi gani?"
- Kama tatizo ni la kadi, peleka kadi tu, simu ibaki kwako.
- Usimpe mtu namba yako ya siri ya Mobile Money au Airtel Money.
- Kama ndani mna ushahidi wa mambo yaliyokufanya ukimbie, kaa hapo kazi ikifanyika, au mtume mtu unayemwamini. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data inalinda taarifa zako binafsi. Fundi hana ruhusa ya kujinakilia mambo yako.
- Picha ya karatasi yako ya ukimbizi ikipotea, hadhi yako haijapotea. Katika uhakiki wa mwaka 2018, OPM na UNHCR waliandikisha watu kwa alama za vidole na macho. Nenda ofisi ya OPM. Usimlipe mtu wa barabarani akutengenezee karatasi.

WEKA NAKALA LEO

Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la taifa, UBC, mjini Kampala, lilipatikana kabati lenye negativu za picha zipatazo 70,000, nyingi za wakati wa Idi Amin. Zilikuwa zimekaa humo miaka mingi, na mwaka 2019 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Filamu huweza kusubiri hivyo. Flashi haiwezi: ikiachwa kabatini miaka mingi bila kutumiwa, vilivyomo huweza kufifia vyenyewe.

Kwa hiyo kitu cha thamani kikae mahali patatu: kwenye simu yako, kwenye memori kadi au flashi iliyowekwa nyumbani, na mbali na wewe, yaani kwenye akaunti yako ya barua pepe au kwa ndugu anayeishi kwingine. Andika nywila ya akaunti hiyo kwenye karatasi uitunze. Anza na vitu vitano: karatasi ya familia, vyeti vya shule, karatasi za hospitali, namba za simu za ndugu, na picha za wale unaowatafuta. Picha hizo zaweza kuhitajika Msalaba Mwekundu wakikusaidia kutafuta jamaa.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii. Asiyejua kusoma, msomee. Na kama ana simu, msaidie kuweka nakala leo hii.