Mbwa Anayejikuna na Kunyonyoka Manyoya

Katika Gataka, Kitengela na mahali pengi pa Kaunti ya Kajiado, mbwa hufugwa kwa kazi. Usiku hulinda boma la ng'ombe na mbuzi wasinyakuliwe na fisi, na katika viwanja vipya vilivyozungushiwa uzio hulinda nyumba. Basi mlinzi huyo akishinda akijikuna na manyoya yakamnyonyoka, mwenyewe amepata hasara. Tena hasara hiyo yaweza kuingia nyumbani, kwa kuwa baadhi ya magonjwa ya ngozi ya mbwa humshika na mwanadamu.

Watu wengi wakimwona mbwa wa namna hiyo husema, "Ana upele," wakampaka oili chafu ya gari au wakamwogesha kwa dawa ya ng'ombe. Jambo hili ni la hatari. Mbwa hujilamba, oili aliyopakwa humwingia tumboni ikawa sumu. Dawa ya ng'ombe nayo ni kali, na ikikosewa kipimo mbwa huweza kulegea, kutetemeka na hata kufa. Zaidi ya hayo, si kila mwasho ni upele. Hapana budi kujua chanzo kwanza.

Chanzo cha kwanza ni viroboto. Manyoya hupungua mgongoni, karibu na mkia. Mwenye mbwa na amchanue hapo juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Zikianguka punje nyeusi zikaacha doa jekundu, hizo ni mavi ya viroboto yenye damu. Mayai na watoto wa viroboto hawakai juu ya mbwa, bali katika malalo yake na katika vumbi la sakafu. Kwa hiyo kumtibu mbwa pasipo kufagia kibanda na kufua matandiko ni kutwanga maji kinuni.

Cha pili ni upele wenyewe. Huletwa na kidudu kidogo mno kinachotoboa ngozi na kutaga mayai ndani yake. Huanza katika ncha za masikio, viwiko na tumbo, na mwasho wake ni mkali sana. Hupita upesi kutoka mbwa hata mbwa, na mbweha huupata pia. Mtu amshikaye mbwa huyo huweza kutokwa na vipele vya kuwasha, ambavyo kwa kawaida hupoa mbwa akiisha kutibiwa.

Cha tatu ni kidudu cha namna nyingine, kikaacho katika mashina ya manyoya. Watoto wa mbwa hukipata kwa mama yao wanaponyonya. Mabaka hutokea kandokando ya macho, mdomoni na katika miguu ya mbele, mara nyingi bila mwasho. Huu haumshiki mtu, na mabaka yakiwa machache mbwa mdogo huweza kupona mwenyewe.

Cha nne ni choa, nacho ni ugonjwa wa kuvu. Mabaka yake huwa ya mviringo. Huambukiza watu, hasa watoto. Basi wasicheze na mbwa huyo mpaka apone, na kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni.

Kwa kuwa dalili hizi hufanana, yafaa mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo. Yeye hukwaruza ngozi kidogo na kutazama ukwaruzo huo kwa hadubini. Siku hizi viko vidonge vya mbwa vinavyoua viroboto, kupe na vidudu vya upele, na kimoja hufanya kazi kwa mwezi au zaidi. Kipimo chake hufuata uzito wa mbwa. Sindano ya ng'ombe iitwayo aivamektini asipigwe mbwa kwa kubahatisha, maana mbwa wengi wa jamii ya Collie huweza kufa kwayo.

Ikiwa ni viroboto au upele, mbwa wote wa boma watibiwe siku moja, ama sivyo aliyeachwa atawaambukiza wenzake upya. Wala dawa isikatizwe mara mwasho unapotulia, kwani manyoya huchukua majuma kadhaa kuota. Mbwa aliyetibiwa hivyo hulala mchana, na usiku huwa macho mlangoni pa boma.