Silinda Hulaumiwa Bure

Kuanzia gereji za Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, hadi viwanda vya Quartier Industriel, silinda ya hewa ikigoma kusukuma, fundi mwenye haraka hushika spana na kuifungua. Mara nyingi hukuta pistoni safi na sili nzima, na asubuhi imeshapotea.

Silinda haina siri. Nguvu yake ni presha mara eneo la pistoni. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 50, ikipewa hewa ya bar 6, husukuma kwa nguvu inayoweza kuinua takriban kilo 120. Kwa bar 3 nguvu hushuka nusu, na mzigo uliozoea kusogea hubaki palepale. Basi anza na geji, tena iliyo karibu na silinda, uisome wakati silinda inajaribu kusukuma. Geji ya tangi inaweza kuonyesha bar 7 huku chujio lililoziba au hozi iliyokunjika ikiinyima silinda hewa.

Geji ikiwa sawa, nenda kwenye vali. Vali nyingi za umeme zina kitufe kidogo cha kubonyeza kwa ncha ya bisibisi. Toa mikono kwenye njia ya pistoni, kisha bonyeza. Silinda ikitoka, tatizo ni la umeme: koili imeungua, waya umelegea, au kihisio hakijatoa ruhusa. Isipotoka, sikiliza tundu la vali la kutolea hewa. Hewa ikivuma humo bila kukoma, ama sili ya pistoni inapitisha, ama kiini cha vali kimekwama. Ili kujua ni kipi, funga hewa, ondoa presha yote, chomoa hozi ya upande unaotolea, kisha rudisha hewa kidogo kidogo. Ikipenya kwenye tundu la silinda, hapo ndipo spana ina kazi.

Wapo wanaosingizia mwinuko. Ni kweli nusu: kwenye mita 774, hewa ya Bujumbura ni nyepesi kwa karibu asilimia 8 kuliko ya pwani, hivyo kompresa huchelewa kujaza tangi. Lakini bar 6 za geji husukuma hapa sawasawa na Dar es Salaam.

Mchokozi hasa ni maji. Kando ya Ziwa Tanganyika, hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 75 hubeba gramu 20 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Kompresa inayovuta mita moja ya ujazo kwa dakika, kwa saa 8, ikisukuma hadi bar 7, huacha karibu lita 8 za maji hewa inapopoa. Maji hayo hubeba kutu hadi kwenye vali, huosha grisi na kukwamisha kiini.

Mafundi, fungueni koki ya chini ya tangi kila jioni, mmwage maji hayo.