Sabuni Moja kwa Korona na kwa Vidukari wa Kunde

Serikali ya Kenya ilipofunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya korona mnamo Aprili 6, 2020, kaunti za Kitui na Makueni, huko Ukambani, zilibaki nje ya kizuizi hicho, lakini zikaumia papo hapo. Familia nyingi huko hutegemea pesa zinazotumwa na ndugu wanaofanya vibarua mjini, na vibarua vilikuwa vimekauka. Kaunti nyingi zilikuwa zimeshafunga masoko ya wazi. Shule zilifungwa tangu katikati ya Machi, na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza Machi 27. Watoto wote nyumbani, mfuko mtupu, soko halipo: likabaki shamba, hasa kile kipande kilicho nyuma ya jiko.

Mvua, kwa bahati, haikuwanyima. Masika ya 2020 yalikuja juu ya vuli ya 2019 iliyomwaga maji kupita kiasi. Nzige wa jangwani walikuwa wamefika hadi pande za Mwingi, ila kunde hazimchoshi mtu kwa kusubiri: majani huanza kuchumwa wiki tatu au nne baada ya kupanda. Mchicha ni hivyo hivyo. Sukuma wiki hutaka karibu miezi miwili na maji mengi, na mimi sijaelewa kwa nini bado ndiyo mboga ya kwanza kutajwa katika nchi kavu kama Ukambani.

Kunde zina adui wake. Jua likiwaka siku kadhaa bila mvua, geuza jani changa au tazama ncha ya shina: utawakuta vidukari, weusi, wanaong'aa, wamebanana bila kuacha nafasi ya kuweka sindano. Hunyonya utomvu, huacha majimaji matamu yanayonata, na sisimizi huja kuyalamba. Zaidi ya hayo, nao ni waenezaji wa virusi. Kidukari akinyonya mmea mgonjwa kisha akahamia mzima, hupeleka ugonjwa wa batobato, majani yakawa na madoa ya manjano na kujikunja.

Ndipo sabuni ya kunawa iliyokuwa mlangoni kwa ajili ya korona ilipopata kazi ya pili. Virusi vya korona vimefunikwa na utando wa mafuta. Kila molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine huyakimbia maji na kung'ang'ania mafuta. Ncha hiyo ya pili hujichomeka kwenye utando, utando ukapasuka, kirusi kikasambaratika. Ndivyo hasa mafuta yanavyotoka kwenye sufuria. Kazi hiyo hutaka muda na kusugua, na hiyo ndiyo maana ya zile sekunde 20 tulizohimizwa kila siku redioni. Maji ya moto si lazima.

Kidukari naye ana nta nyembamba mwilini inayomzuia kukauka, na hupumua kwa matundu madogo ya ubavuni. Maji ya sabuni huivunja nta, huziba matundu na kuharibu seli. Kijiko kimoja kikubwa cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji kinatosha. Nyunyiza jioni, chini ya majani, maana huko ndiko wanakojificha. Jaribu kwanza kwenye majani machache, ungoje siku moja uone kama yanaungua. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali mno, iache. Na usitarajie miujiza: dawa hii humuua yule tu aliyelowa, ikikauka imekwisha, na nzige au mende mwenye gamba gumu hata hashtuki.

Kisha kuna maji yenyewe. Kunawa kila mara ni agizo jepesi kwa mwenye bomba. Kwa anayechota kwenye mchanga wa mto Thwake au Tiva wakati wa kiangazi, kila tone limebebwa mgongoni au na punda. Mito hiyo huonekana mikavu, lakini mchanga ulioshiba huhifadhi maji yanayofikia robo hadi theluthi ya ujazo wake, mbali na jua. Ndiyo sababu Kitui ina mamia ya mabwawa ya mchanga, yaani kuta zilizokatiza mito ya msimu ili mchanga ujikusanye nyuma yake. Kwa kuwa maji hupatikana kwa jasho hivyo, kibuyu chirizi, ule mtungi wa lita tano unaoinamishwa kwa kamba na mguu, uwekwe juu ya shina la mgomba au mpapai, maji yakidondoka yasipotee. Hamisha mahali mara kwa mara. Chumvi ya sodiamu iliyo kwenye sabuni ikilundikana hufanya udongo mwekundu ushikamane na kukataa maji. Maji hayo ya kunawia yasimwagwe kwenye mboga za kuliwa mbichi, na yenye klorini yasifike shambani kabisa.

Na mboga zenyewe je, zilikinga korona? Hapana. Mwaka huo mwarobaini ulichemshwa, malimau yakapanda bei, watu wakajifukiza hadi wengine wakaungua nyuso. Hakuna kati ya hivyo kinachoua virusi mwilini. Majani ya kunde yana kazi nyingine, nayo si ndogo: yana madini ya chuma, foleti na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Yapike kwa maji machache bila kuyamwaga, tia mafuta kidogo ili karotini ifyonzwe, kamulia limau kusaidia chuma, na chai isubiri saa moja baada ya mlo kwa sababu huzuia chuma hicho. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, uliochanganywa na majani ya kunde ni chakula kamili zaidi kuliko ugali mtupu, na bibi zetu hawakuhitaji janga kulijua hilo.

Ukambani, mvua ya kutegemewa zaidi ni ya vuli, inayoanza kati ya Oktoba na Novemba. Weka mbegu ya kunde nyumbani kabla ya hapo, na usiondoe ule mtungi wa kunawa mlangoni. Kipindupindu na kuhara havikuondoka na korona.