MPIRA UKIZIBA MWILINI: MACHO YA MANJANO NA KANSA YA NJIA YA NYONGO



Kila aliyeshuka shimoni anajua kazi ya mpira wa kuvuta maji. Mpira ukiziba, maji hayapandi, shimo linajaa, kazi inasimama. Mwilini mwetu pia mna njia ya namna hiyo. Ini hutengeneza nyongo, na nyongo hupita katika mfereji mwembamba mpaka utumbo, ili isaidie kusaga mafuta ya chakula.

Kansa ikiota katika mfereji huo, nyongo hukosa njia na kurudi katika damu. Ndipo macho yanakuwa manjano, mkojo mweusi kama chai kali, choo cheupe kama udongo, na ngozi inawasha usiku kucha. Macho ya manjano yaweza pia kutokana na malaria, ugonjwa wa ini au mawe ya nyongo. Kwa hiyo usijipime mwenyewe. Nenda kwa muganga. Mara nyingi kansa hii hugunduliwa ikiwa imekwisha kuenea, haiwezi tena kukatwa.

Je, hakuna la kufanya? Lipo. Mwaka 1980 waganga wa Hamburg, Ujerumani, walieleza namna ya kufungua njia bila kupasua tumbo. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kisha kamba yenye taa hupitishwa kinywani mpaka utumbo. Muganga akiangalia kwa eksirei, husukuma mrija mdogo kupita penye kansa. Nyongo inashuka tena. Kuwasha kunapungua, macho yanaanza kusafika, mgonjwa anapata hamu ya kula. Hapa Misisi kazi hiyo haifanyiki. Hufanywa katika hospitali kubwa, kama zile za Nairobi na Dar es Salaam.

Tusidanganyane: mrija hauponyi kansa. Unampa mgonjwa siku za nafuu pamoja na watu wake. Lakini nao huziba. Ule wa plastiki hudumu miezi kama 3; wa chuma hudumu zaidi.

Hapo ndipo penye hatari. Mrija ukiziba, nyongo huoza na mgonjwa hutetemeka kwa homa. Sisi tumezoea kusema: "Ni malaria tu," tukanunua vidonge na kungoja. Kwa mgonjwa huyu, kungoja kwaweza kumwua kwa siku chache.

Basi, jamaa za mgonjwa, shikeni haya:

1. Tunzeni karatasi ya hospitali yenye tarehe na aina ya mrija.
2. Ulizeni mapema siku ya kubadilisha mrija, mtayarishe safari na feza.
3. Homa, kutetemeka au manjano vikirudi, mpelekeni hospitali siku ile ile. Mwambieni muganga kwanza: "Huyu ana mrija katika njia ya nyongo." Malaria ipimwe, lakini mrija usisahauliwe.

Mpira wa shimoni hatungoji uzibe kabisa. Na mrija wa ndugu yetu tuulinde vivyo hivyo.